Maziwa Nyuma ya Komeo

Sura ya Tisa

Mizani ya kliniki haina haya. Ijumaa iliyopita ilikuwa imenionyesha kilo tatu na nusu. Ijumaa hii ilinionyesha kilo tatu na gramu mia tatu. Mtoto wa wiki sita alikuwa ameanza kurudi alikotoka.

"Mama Mwihaki," nesi Nashipae aliniambia, kalamu imesimama juu ya kadi, "mrija niliokupa umeutupa?"

"Sijautupa."

"Basi mkebe wa maziwa umekwisha."

"Mkebe uko. Karibu nusu."

"Sasa ni nini? Huyu si mgonjwa. Huyu ana njaa. Angalia mashavu."

"Cucu, mama mkwe wangu, amehamia chumbani," nikasema. "Tangu Jumatatu analala kitandani na mimi. Sipati nafasi."

Nashipae alikuwa mwanamke mrefu wa upande wa Isinya, na maneno yake yalikuwa machache na makavu. "Na bwana yako amesema nini?"

"Hajasema."

"Sikia. Mimi nimekulia kwa watu ambao ndama akikosa maziwa hakuna kikao. Anashikwa, anapelekwa kwa ng'ombe mwingine, anakunywa. Wewe unangoja kikao cha nani? Jumatatu nataka huyu awe amepanda. Asipopanda naandika barua ya hospitali kubwa, na huko kila mtu ataulizwa."

Nilimfunga mtoto mgongoni. Nikashuka ngazi nikiwa najua jambo moja tu: kati ya mimi na Jumatatu kulikuwa na watu wawili, na mmoja wao nilikuwa nampenda.

Wacha niseme mambo yalivyokuwa. Mimi ni mtu wa kukumbuka, na wengi wamekuwa wakitegemea nisahau.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikishona mashati katika kiwanda kule Athi River. Mungu alikuwa amenipa matiti ya wanawake watatu. Kamba za sindiria zilikuwa zimechimba mitaro kwenye mabega yangu, na jioni nikiinuka kwenye cherehani, shingo inakataa kuinuka na mimi. Wasimamizi walikuwa na jina la kunitania. Sitaliandika hapa, wao wanalijua. Wakaja madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo katika hospitali moja ya misheni, wakanipunguza bila malipo. Yule aliyenishikisha fomu alisema kwa Kiingereza cha haraka kwamba huenda siku moja nisiweze kunyonyesha vizuri. Siku moja! Ukiwa na miaka ishirini na mbili na mgongo wa bibi wa sitini, siku moja ni nchi ya mbali. Niliweka sahihi. Nilipoamka nikasimama wima kwa mara ya kwanza tangu darasa la saba. Sijawahi kujuta, na hilo ndilo linalowachoma watu.

Muturi nilimwambia wiki moja kabla ya harusi. Nilimwonyesha makovu: duara kuzunguka chuchu, na mstari unaoshuka mpaka chini, kila upande. Nilingoja akunje uso. Alipitisha kidole kwenye ule mstari polepole, kama mtu anayesoma barua, akasema, "Kumbe hapa ndipo ulitua mzigo." Niambie, ni mwanamke gani angeyasikia hayo akatae kuolewa?

Lakini aliongeza lingine. "Tafadhali, Maitu asijue." Maitu ni mama yake. Nilidhani ni heshima tu. Nilikubali.

Mama huyo, Mwihaki, alifika kutoka Kangema siku ya tatu baada ya mimi kujifungua, na gunia dogo la njahi, maharagwe yale meusi ambayo kwao mzazi hulishwa ili maziwa yashuke. Na kwa kuwa kwa desturi yao binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, nyumba yetu ikawa na Mwihaki wawili. Mkubwa alimwita mdogo "mimi". "Mimi nimeamka." "Mimi nimekojoa, nani atanibadilisha?" Mwanzoni nilicheka mpaka mshono ukauma. Halafu maziwa yakawa hayatoshi, na maneno yakageuka. "Nanjala, kwa nini unaninyima?"

Nilikula njahi asubuhi. Nilikula njahi mchana, zimepondwa na ndizi. Nilikunywa uji wa wimbi kwa jagi. "Kula," aliniambia, "nyinyi wa kwenu mmezoea ugali na kuku, maziwa yatatoka kwa kuku?" Mimi nikanenepa, mtoto akakonda.

Wiki ya pili ndipo Nashipae alipofunua leso yangu, akaona makovu, akaelewa. Alinieleza vile hakuna mtu alikuwa amenieleza. Maziwa yanatengenezwa, alisema, lakini baadhi ya njia zake zilikatwa. Yanayofika ni kidogo, na kidogo si bure. Akanipa mrija mwembamba, ule wa kulishia watoto njiti. Ncha moja unaibandika kwa plasta kando ya chuchu. Ncha nyingine inaingia kwenye kikombe cha maziwa ya mkebe. Mtoto akivuta, anapata yako na ya kikombe pamoja, na mwili wako unasikia unaitwa. Lakini kikombe kinataka mkono wa mtu. Kikishuka sana, hakuna kitu. Kikipanda sana, mtoto anapaliwa.

Mkono ukawa wa Muturi. Duka lake la vifaa vya ujenzi liko mbele ya ploti, nyumba iko nyuma. Mchana alikuwa akija na vumbi la saruji kwenye kope, ananawa mpaka viwiko, anasukuma komeo, anapiga magoti kando ya kitanda na kukishika kikombe usawa wa kifua changu. Nusu saa nzima hakubadilisha mkono. Na hakuwa akikitazama kikombe.

"Muturi, kinamwagika."

"Wacha kimwagike kidogo."

"Ni maziwa ya mtoto hayo."

"Na wewe ni mama ya mtoto. Wacha nikuangalie."

Nilimpenda siku zile kuliko siku za uchumba. Lazima niseme hivyo, ndipo msomaji ajue nilichokuwa nacho mkononi.

Kwa nini kujificha? Kwa sababu ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nne, na mkebe wa maziwa ya mtoto ulikuwa na maana moja tu Kitengela nzima. Mwanamke asiyenyonyesha, watu walijua jina la ugonjwa wake hata kama hawakulitaja. Walilitaja kwa kukuachia benchi lote kanisani. Mama mkwe alikuwa amesema siku ile ya kwanza, hata kabla hajavua viatu, "Mkebe nisiuone katika nyumba ya mwanangu." Basi Muturi aliuweka ndani ya ndoo ya rangi iliyokwisha, chini ya kitanda, na kikombe na mrija juu yake, na kifuniko.

Lakini komeo letu ni la chuma, na linalia. Mama alilisikia siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya pili alikohoa. Wiki tatu alivumilia. Jumatatu iliyopita, Muturi alipofungua mlango, alimkuta amesimama pale pale na mwiko.

"Mchana!" alisema. "Saa saba ya mchana! Muturi, hata jogoo huwa na saa yake! Mtoto hajafika miezi miwili, na wewe umemfungia mzazi ndani? Hukufunzwa kwamba baba akimwendea mama wa mtoto mchanga, maziwa yanaharibika? Ndiyo hii sasa. Ndiyo maana mimi nakonda."

Nilimtazama mume wangu. Viwiko vyake vilikuwa bado safi. Sentensi moja ingetosha. Lakini kwao kijana hawezi kutaja titi la mke wake mbele ya mama yake. Bora akiri kosa la kitanda ambalo hakulifanya. Aliinamisha kichwa akasema, "Pole, Maitu."

Pole! Jioni hiyo mama alibeba blanketi lake akaja kitandani kwangu, Muturi akatumwa kwa sofa. Siku nne. Nilijaribu bafuni, kikombe nimekibana kwa magoti, mtoto mkono mmoja, mrija mwingine. Kikapinduka. Nilijaribu alfajiri. Akaamka, akauliza natafuta nini chini ya kitanda. Na kila mara mtoto alipolia, aliniletea bakuli.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo sikuingia nyumbani kwanza. Nilipitia nyuma ya duka, kati ya mabati na nguzo, nikamkuta Muturi anakata waya wa ua. Nilimpa kadi.

"Soma."

Alisoma. Akairudia. "Mizani yao saa zingine huwa mbaya."

"Muturi."

"Nasema tu."

"Mtoto wako ameshuka gramu mia mbili. Ingia ndani umwambie mama yako ukweli."

"Nimwambie nini, Nanjala? Nianzie wapi? Nimwambie, Maitu, keti hapa nikueleze kuhusu..." Mkono wake ulichora kitu hewani, ukaachia katikati.

"Ona! Hata kwangu huwezi kulitaja, na umelishikia kikombe wiki tatu."

"Punguza sauti, kuna mteja."

"Mteja anunue misumari."

Aliweka koleo chini, akanikaribia. Alinuka chuma na sabuni ya kipande. Alinishika shavu kwa upande wa mkono ambao haukuwa na grisi, na mimi, mjinga wa Mungu, shavu likaegemea lenyewe.

"Jumatatu anarudi Kangema," alisema. "Nimeshaongea na Irungu wa pikapu aje amchukue. Jumapili wale kina mama wenzake wa kwetu watakuja na kuni na ndizi kumwona mtoto. Wataomba, watakula, wataenda. Ni siku mbili tu na nusu. Nakuomba, mpenzi."

"Mtoto hana siku mbili na nusu."

"Unajua alichosema nilipotaka kukuoa?"

"Najua. Alisema mwanamke wa mbali ni kama shamba ulilonunua usiku, mipaka utaiona asubuhi. Tarehe nane mwezi wa nne, elfu mbili na moja. Alikuwa amefunga kitambaa cha kijani. Mimi sisahau, Muturi."

"Basi akijua ulikatwa atasema aliniambia. Atawaambia watu wote wa kwetu. Watasema nilioa mtu nusu."

Nilitoa shavu langu kwenye mkono wake.

"Nusu?"

"Watasema wao! Si mimi."

"Lakini neno umelipata haraka."

"Nanjala, nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Unanipenda mlango ukiwa umefungwa."

Alifungua mdomo. Mteja akaita huko mbele, "Mwenyewe! Mko na bawaba za inchi nne?" Muturi akanitazama, akatazama upande wa duka, akanitazama tena. Macho yake yaliniomba nisifanye nilichokuwa tayari nimeanza kukifanya. Halafu akaenda kuuza bawaba.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, ungo mapajani, anachambua njahi za Jumapili. "Mimi nimerudi?" alimwita mtoto. "Wamesema nina kilo ngapi?"

"Umepungua, Cucu."

Ungo ulisimama. Sikungoja. Niliingia chumbani, nikavuta ile ndoo ya rangi, nikarudi nayo mpaka sebuleni, nikaketi kwenye kiti kilicho mkabala na chake. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka kwenye zulia. Nilitoa mkebe, nikauweka mezani. Nikapima vijiko, nikamimina maji ya chupa ya chai, nikakoroga, nikangoja yapoe.

Aliutazama ule mkebe kama mtu anayemtazama nyoka, macho tu yakitembea.

"Nanjala," alisema kwa sauti ndogo, "uko mgonjwa? Niambie kabla sijapiga kelele. Mmempa mtoto huyo ugonjwa?"

"Sina ugonjwa. Nilipimwa virusi kliniki, kadi ni ile. Angalia hapa."

Nilifungua vifungo vya gauni mpaka kiunoni. Sikujifunika leso.

Aliweka ungo mezani, akainuka. Alikuja karibu, akainama, na uso wake ukawa karibu sana na mwili wangu hivi kwamba nilisikia pumzi yake. Alitazama upande wa kulia, akatazama wa kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Ni nani alikufanyia hivi, mwanangu?"

"Nilijifanyia mwenyewe, Cucu. Yalikuwa makubwa, yakanivunja mgongo. Madaktari waliyapunguza. Ndiyo maana maziwa ni kidogo. Si njahi. Si Muturi na mlango. Tulikuwa tunamlisha mtoto tu."

Nilisema "tulikuwa". Naapa nilisema hivyo. Sijui kama alisikia, kwa sababu ule upole ulikuwa umeshaondoka usoni.

"Wewe mwenyewe? Kwa sahihi yako? Mungu anakupa, unarudisha?"

"Nilikuwa naumia."

"Mimi nimenyonyesha watoto saba na huu mgongo unaouona! Na kuni juu yake!"

"Nakuamini. Uliuma?"

"Uliuma kama nini!"

"Ulimwambia nani?"

Nilibandika plasta, nikaweka mrija, nikamweka mtoto. Alitafuta, akashika, akavuta, na maziwa yakapanda kwenye ule mrija mwembamba kama uzi mweupe. Mikono yake midogo, iliyokuwa imekunjwa ngumi tangu asubuhi, ikafunguka. Kikombe nilikishika mwenyewe, kiwiko kimeegemea mkono wa kiti.

"Ningemwambia nani?" mama alisema mwishowe, lakini alikuwa akiuambia ule ungo. Halafu akajikaza, akaenda mlangoni, akaita kwa sauti iliyofika barabarani. "Muturi! Wewe Muturi! Kuja hapa!"

Alikuja na bawaba moja bado mkononi. Alisimama kizingitini, jua nyuma yake. Aliona ndoo. Aliona mkebe mezani, mchana kweupe. Akaniona mimi, kifua wazi, mrija, mtoto, na nikamtazama kwa macho yote niliyokuwa nayo. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa namsaidia. Nilikuwa nimelitaja mimi lile ambalo yeye hakuweza kulitaja. Nilikuwa nimembebea uzito wote mpaka mlangoni, alichobakiza ni kusema ndiyo.

"Mwanamke huyu alikatwa matiti kabla hujamwoa," mama yake alisema. "Ulijua?"

Muturi aliifungua ile bawaba, akaifunga.

"Muturi, nakuuliza mimi niliyekuzaa. Ulijua?"

"Sikujua, Maitu."

Hakuna kitu kilichovunjika. Ungo ulibaki mezani, jua likabaki kwenye zulia, mtoto akaendelea kumeza, kiasi cha kumeza mara tatu halafu kupumua.

"Nilijua," mama alisema, na nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. "Nilijua wewe huwezi kunificha kitu kama hiki."

Mkono wangu ulikuwa umechoka, kikombe kikaanza kuteremka. Ndipo mkono wa Muturi ukainuka. Haukuwa umetumwa na mtu. Ulinyooka wenyewe kuelekea kikombe, kiganja kimeshajikunja saizi yake, vidole viwili chini na kidole gumba kwenye sikio, vile ulivyokuwa umefanya kila mchana kwa wiki tatu. Ulifika katikati ya hewa ukagutuka, ukaingia mfukoni.

Mama yake aliuona. Nilikuwa namtazama yeye, na aliuona. Alitazama ule mfuko, akanitazama mimi, na kwa muda mfupi tulikuwa wanawake wawili wanaojua jambo moja. Halafu akageuza uso upande wa dirisha.

"Jumatatu narudi Kangema na mtoto," alisema. "Kule kuna ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Hakuna mtu atauliza amekunywa nini. Huyu mama yake apumzike, afikirie anataka kuwa wa wapi."

Muturi alikuwa akiitazama bawaba.

"Mtoto wangu haendi mahali," nikasema.

"Tutaona Jumatatu," akanijibu, akaketi, akauchukua ungo wake.

Nilitaka kuinuka. Nilitaka kuchukua ile kadi na shali na kutoka kwa mlango ule ule uliokuwa wazi, nipite kati ya nguzo na mabati mpaka barabarani, kichwa juu. Lakini nikiinuka plasta ingeng'oka, maziwa yangemwagika, na mwanangu alikuwa anakunywa ya kutosha kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nilikaa. Kifua wazi, mtoto mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, mama mkwe mbele yangu akitoa mawe kwenye njahi, mume wangu mlangoni amenizibia jua.

Kikombe kilikuwa kimebaki robo. Wiki tatu nzima nilikuwa nikimwomba mtoto yule avute haraka, amalize kabla mtu hajagonga. Sasa nilimwinamia sikioni nikamwomba anywe polepole, mama, polepole, maana kikombe kikiisha itabidi niinuke, na nikiinuka itabidi niwe najua tunaenda wapi.